Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: betri ya gari la rimoti ichajiwe kwa ampea ngapi?

Anayenunua gari la rimoti la kweli, lile la kipimo cha 1/10 lenye mota ya nguvu na matairi ya kubadilisha, huuliza kwanza linakimbia kiasi gani. Wiki ya pili swali hugeuka: chaja ina kitufe cha kupandisha ampea, niweke ngapi? Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Nayajibu kwa kirefu pale ambapo kosa linaweza kuunguza nyumba, na kwa kifupi pale ambapo kosa litakupotezea dakika chache tu.

Herufi C maana yake nini?

C ni uwezo wa betri yenyewe ukisomwa kama ampea. Tazama namba ya mAh (miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachoweza kubeba) kwenye ganda, igawe kwa 1000, na jibu lako ndilo ampea za 1C. Betri ya mAh 5000, 1C yake ni ampea 5. Ya mAh 3000 ni ampea 3. Ya mAh 1500 ni ampea 1.5. Nusu C ya ile ya 5000 ni ampea 2.5, na 2C yake ni ampea 10.

Ndiyo maana jibu la "weka ampea 3" haliwezi kumfaa kila mtu. Ampea 3 kwa betri ya mAh 5000 ni chaji ya upole. Kwa betri ya mAh 1500 ni 2C, na hiyo betri huenda haikutengenezwa kuvumilia kasi hiyo.

Wengi huteleza kwenye idadi ya seli. Betri ya 2S ya mAh 5000 ina seli mbili zilizofungwa mfululizo, nao hudhani uwezo wake ni 10000. Sivyo. Seli zikifungwa mfululizo, volti ndizo zinazojumlishwa, mAh zinabaki zilezile. Namba iliyoandikwa kwenye ganda imeshahesabu kila kitu, itumie kama ilivyo.

Basi nianze na ngapi?

Anza na 1C, iwe NiMH (betri ya nikeli) au LiPo (betri ya lithiamu), mradi lebo haikatazi. Sababu za aina hizi mbili hazifanani hata kidogo, na ukizijua hutahitaji kukariri kanuni.

Nitajuaje betri yangu ni ya aina gani?

NiMH ya gari la 1/10 kwa kawaida ni seli sita za mviringo zilizofungwa pamoja ndani ya plastiki laini, imeandikwa 7.2V, na ina waya mbili tu, nyekundu na nyeusi. LiPo huwa bapa au imo ndani ya kasha gumu, imeandikwa 7.4V kama ni ya seli mbili au 11.1V kama ni ya seli tatu. Mbali na waya nene za nguvu, huwa na kijiplagi cheupe chenye nyaya nyembamba. Hicho ndicho cha kusawazisha seli, na kila unapochaji kichomeke kwenye chaja. Betri za Traxxas za miaka ya karibuni zimeziingiza nyaya hizo ndani ya plagi moja, kwa hiyo usishangae usipokiona.

Usiguse kitufe cha ampea kabla hujawa na uhakika wa aina ya betri. Ukikosea kasi, betri itazeeka mapema. Ukikosea aina, unaweza kuwasha moto.

Nikiichaji LiPo kwa mpango wa NiMH itakuwaje?

Inaweza kuwaka. Soma jibu hili mara mbili.

Chaja ikiwa kwenye mpango wa NiMH haisimamishwi na kiwango fulani cha volti. Inasubiri volti zipande hadi kileleni kisha zishuke kidogo, ndipo ijue betri imejaa. LiPo haina tabia hiyo. Volti zake hupanda tu, na kila seli inatakiwa isimamishwe kwenye volti 4.20. Chaja itaendelea kusukuma ikisubiri mshuko ambao hautakuja, seli itapita 4.20, itavimba, itatoa gesi, na gesi hiyo inashika moto. Chaja nyingi za bei nafuu hukumbuka mpango wa mwisho uliotumika. Kama jana mwanao alichaji NiMH, leo chaja itafungua kwenye NiMH. Soma skrini kila mara kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, hata kama betri ni ileile ya jana.

Makosa ya aina hiyo yapo pia ndani ya familia ya lithiamu yenyewe. LiFe, ambayo watu huitumia kulisha risiva (kifaa ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti), hujaa kwenye volti 3.6 hivi kwa seli. LiPo ya kawaida hujaa kwenye 4.20. LiHV hujaa kwenye 4.35. Ukiichagulia LiPo ya kawaida mpango wa LiHV, umeijaza kupita kiasi hata kama ampea ulizoweka ni chache.

Betri yangu imeandikwa 50C. Kwa nini nisiichaji kwa 50C?

Kwa sababu 50C hiyo ni ya kutoa umeme, haihusu kuingiza. Mtengenezaji anakuambia betri inaweza kulisha mota kwa mara 50 ya uwezo wake, yaani ampea 250 kwa betri ya mAh 5000. Hata kwa kutoa, namba hizo mara nyingi zimekuzwa ili zivutie dukani.

Kasi ya kuchaji huandikwa kwa herufi ndogo, mara nyingi upande wa nyuma pamoja na maonyo. Utakuta 1C, 2C, au 5C. Usipoiona popote, chukulia ni 1C. Na ukiikuta 5C, ichukulie kama ukuta ambao hupaswi kuuvuka. Hulazimiki kuukaribia.

Nasikia kuchaji polepole ndiko salama zaidi. NiMH niiwekee ampea kidogo tu?

Hapa ndipo ushauri wa watu wengi unapopotoka, na mimi niliulipia. Betri yangu ya kwanza ilikuwa NiMH ya mAh 3000. Nikaionea huruma, nikaiwekea ampea 0.6 jioni, nikalala nikitegemea chaja itajizima ikijaa. Asubuhi chaja ilikuwa bado inaendelea, betri ina joto la kutisha, na plastiki yake imejikunja. Tangu siku hiyo gari lilikimbia nusu ya muda lililokuwa likikimbia.

Sababu ni hii. NiMH inapojaa, umeme unaoendelea kuingia hauna tena pa kuhifadhiwa. Ndani ya seli huanza kutengenezwa oksijeni, nayo ikirudi kuungana upande wa pili inatoa joto. Joto hilo ndilo linaloshusha volti kidogo, milivolti chache tu kwa kila seli, na mshuko huo ndio dalili inayosubiriwa na chaja. Ukichaji kwa 1C, joto linakuja kwa ghafla na mshuko unaonekana wazi. Ukichaji kwa 0.2C, joto linapanda taratibu, linapotea hewani, mshuko unakuwa mdogo mno, na chaja haiuoni. Betri inaendelea kupikwa.

Kwa hiyo NiMH ina njia mbili. Njia ya kwanza ni 0.1C kwa saa 14 hadi 16, ukihesabu muda mwenyewe, maana kwa mkondo mdogo hivyo seli inaweza kuvumilia kuzidishiwa kidogo. Njia ya pili ni kati ya 0.5C na 1C kwa chaja inayojizima. Mimi hupenda 1C. Eneo la katikati, 0.2C au 0.3C kwa chaja ya kujizima, liepuke. Kwenye mpangilio wa chaja, usikivu wa mshuko uwekwe milivolti 4 hadi 6 kwa seli. Na kama chaja ina kikomo cha muda au cha mAh, kiweke pia: kwa betri ya 3000, chaja isimame ikishaingiza 3600 hata kama haijaona kitu.

NiMH mpya, chaja inasimama baada ya dakika tano na kusema imejaa. Imeharibika?

Si lazima. Betri mpya, au iliyolala kabatini miezi mingi, volti zake huyumba mwanzoni na chaja hudhani imeona kilele. Anzisha tena. Ikirudia mara tatu, ichaji mara moja kwa 0.1C kwa saa 14 ili seli zilingane, kisha rudi kwenye 1C.

Kwa nini LiPo yangu inachukua zaidi ya saa moja wakati nimeweka 1C?

Kwa sababu LiPo hujazwa kwa hatua mbili. Kwanza chaja inashikilia ampea ulizochagua huku volti zikipanda. Seli zikifika 4.20, yaani 8.40 kwa betri ya 2S, chaja inashikilia volti hizo na kuanza kupunguza ampea: 5, 4, 2, 1, hadi zimebaki kidogo sana ndipo inakata. Katika hatua hiyo ya pili pia chaja hulinganisha seli, na kama moja iko nyuma, kusubiri kunarefuka.

Hii ina maana kwamba kuongeza kasi kunafupisha hatua ya kwanza tu. Ukitoka 1C kwenda 2C, hutakata muda nusu, kwa sababu betri itafika 4.20 mapema zaidi ikiwa bado haijajaa, na hatua ya pili itachukua sehemu kubwa zaidi.

Lebo inaruhusu 3C. Kuna ubaya gani kuitumia?

Tufanye hesabu ya joto. Joto linalozalishwa ndani ya betri hufuata mraba wa mkondo. Ukiongeza ampea mara mbili, joto kwa kila dakika linakuwa mara nne. Muda umepungua kwa karibu nusu, kwa hiyo joto lote kwa jumla ni mara mbili, nalo limebanwa ndani ya muda mfupi wa kupoa.

Ubaya wa pili hauonekani kwa mkono. Wakati wa kuchaji, chembe za lithiamu hutembea na kuingia kati ya tabaka za grafiti. Zikiletwa haraka kuliko grafiti inavyoweza kuzipokea, nyingine zinaganda juu yake kama madini. Lithiamu iliyoganda hivyo nyingi yake hairudi tena kazini. Uwezo unapungua, na mgando ukikua unaweza kufika upande wa pili na kusababisha shoti ndani ya seli.

Kuna siku inafaa. Ukiwa na mashindano, betri mbili tu, na dakika 40 kati ya raundi moja na nyingine, 2C kwa betri nzima ambayo lebo yake inaruhusu ni uamuzi wa busara, nawe umekaa pembeni yake. Jumamosi ya kawaida uwanjani na watoto, sioni sababu. Ni bora fedha ya kununua chaja kubwa ununulie betri ya pili.

Nimenunulia mtoto gari la dukani lenye waya wa USB. Hapo C inahusika?

Inahusika, ila waya umeshakuchagulia. Magari mengi ya kuchezea ya aina hii, kama yale yanayojaa Kariakoo, huja na kijibetri cha lithiamu cha 3.7V au 7.4V, au NiCd (betri ya nikeli ya aina ya zamani, ndugu wa NiMH) ya 4.8V. Wazazi huuliza kama chaja ya simu yenye ampea nyingi itakiunguza. Chaja ya simu haisukumi ampea zake zote. Inatoa kile ambacho waya unaomba, na sakiti ndogo iliyo kwenye waya ndiyo inayoamua. Hatari iko kwingine, kwenye kuazimana waya. Waya wa gari la 4.8V ukichomekwa kwenye kijibetri cha lithiamu kwa sababu tu plagi zinaingiana, ni lile kosa la mpango wa NiMH tulilokwisha kulisema.

Chaja za NiCd za ukutani zinazokuja na magari haya mara nyingi hazijizimi. Hesabu saa mwenyewe: gawa mAh za betri kwa miliampea zilizoandikwa kwenye chaja, zidisha kwa 1.4. Betri ya mAh 700 na chaja ya miliampea 250 ni 2.8, mara 1.4, karibu saa nne. Weka kengele kwenye simu, na uanze hesabu hiyo ikiwa betri imeisha kweli.

Nimeweka ampea 8 lakini skrini haipandi kufika 8. Chaja ni mbovu?

Huenda imefika kikomo cha wati. Wati ni volti mara ampea. Chaja ya wati 50 ikikaribia kujaza 2S, kwenye volti 8.4, inaweza kutoa karibu ampea 6 tu. Kwa 3S kwenye volti 12.6 ni karibu ampea 4. Betri inajaa vizuri, inachelewa tu. Ukitaka kununua chaja, zidisha volti za betri yako ikijaa kwa ampea za 1C yake: 3S ya mAh 5000 inahitaji wati 63.

Naweza kuchaji betri mbili sambamba kwa chaja moja?

Wazoefu hufanya hivyo, wakijumlisha mAh za betri zote ili kupata ampea za 1C. Kwa anayeanza nasema hapana. Betri moja ikiwa imejaa na nyingine tupu, ukiziunganisha tu, iliyojaa inamwaga umeme kwenye tupu kwa kasi ambayo hakuna chaja inayoidhibiti.

Joto la hewa linabadilisha chochote?

Sana. Dar au Mombasa mwezi wa pili, betri iliyotoka kwenye gari ina joto la mota juu ya joto la jua. Iweke kivulini mpaka ukiishika usione tofauti na vitu vingine vya hapo, ndipo uichaji. Usiiweke kwenye friji. Usichajie ndani ya gari lililofungwa vioo juani. LiPo inayochajiwa kwa 1C inatakiwa kubaki karibu na joto la chumba. Ikianza kuwa moto, simamisha. NiMH kupata joto kiasi mwishoni ni kawaida, ila ukishindwa kuishika, umezidisha.

Kwa mlio Ulaya au Marekani Kaskazini majira ya baridi, hesabu inageuka. Chini ya nyuzi 0 usichaji lithiamu kabisa, hata kwa 0.5C, kwa sababu kwenye baridi grafiti inapokea polepole na ule mgando unatokea hata kwa kasi ndogo. Ilete ndani ipate joto la nyumba kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya chaji?

Chomoa betri kwenye chaja, maana kuna chaja ambazo zikikosa umeme wa ukutani hujilisha kidogo kidogo kutoka kwenye betri yenyewe. Umeme ukirudi na kutulia, anza upya. LiPo haidhuriki kwa kuchajiwa vipande vipande.

Chaja nyingi za magari ya rimoti hupokea pia volti 12 za betri ya gari la kawaida, au betri ya sola. Hesabu yake ni rahisi: 2S ya mAh 5000 inabeba karibu wati-saa 37, na ukiongeza kinachopotea njiani, itachota karibu ampea-saa 4 kutoka kwenye betri ya volti 12. Betri nne zitachota 16. Betri ya gari dogo ni ya ampea-saa 45 hivi, na ukishachota theluthi yake, kuna uwezekano gari lisiwake kurudi nyumbani. Injini izimwe unapochaji. Betri ya bodaboda usiitumie kabisa, ni ndogo mno.

LiPo imezeeka. Nipunguze kasi?

Ndiyo. Betri ikizeeka ukinzani wa ndani unapanda, na ampea zilezile zinazalisha joto zaidi. Chaja nyingi huonyesha ukinzani huo kwa miliomu kwa kila seli. Uandike betri ikiwa mpya, na ukiona umefika maradufu, shuka hadi 0.5C na uanze kuweka akiba ya kununua nyingine.

Iliyovimba haina kasi salama. Vivyo hivyo iliyochomwa, au iliyoachwa ndani ya gari mpaka seli ikashuka sana chini ya volti 3.0. Najua bei zake, najua uchungu wake, lakini usijaribu kuiamsha. Imalize umeme uliobaki kwa balbu ndogo, nje ya nyumba, kisha itafutie wanaokusanya taka za elektroniki. Usiitupe jalalani panapochomwa moto.

Nikimaliza kucheza, niichaji kabisa ili iwe tayari wiki ijayo?

LiPo hapana. Ikikaa imejaa siku nyingi inachakaa na kuanza kuvimba. Tumia mpango wa kuhifadhi ulio kwenye chaja, unaoandikwa Storage, utaipeleka kwenye volti 3.80 hadi 3.85 kwa seli. Ijaze siku ya kwenda uwanjani. NiMH haina shida hiyo.

Naweza kuchaji nikalala?

Hapana, kwa kasi yoyote ile. Chaji ukiwa macho na ukiwa karibu, juu ya sakafu ya vigae au saruji, mbali na godoro, mapazia na mitungi ya gesi. Mfuko maalumu wa LiPo unasaidia. Usipokuwa nao, weka betri ndani ya chungu cha udongo, na ndoo ya mchanga mkavu iwe pembeni. Usiifungie ndani ya sanduku la chuma lisilopitisha hewa, gesi ikikosa pa kutokea italipua sanduku.

Kuna pia mpangilio wa kuunganisha: kwanza waya uingie kwenye chaja, ndipo betri iingie kwenye waya. Ukianza na betri, ncha mbili za waya zinabaki wazi zikiwa na umeme, na zikigusana mezani, LiPo itatoa zile ampea zake mamia kwa mara moja. Ukimaliza, betri ndiyo itoke kwanza.